Nyota moja kwa gereji, ya kijana wao naihesabu mbali

Nani alimwambia yule fundi mkuu kwamba siliko, ile gundi ya kuzibia injini, ni dawa ya kila ugonjwa? Nilipeleka pikipiki yangu ya zamani, Honda CG125, ikiwa inadondosha oili kidogo tu, chini ya pedeli ya gia. Nikarudishiwa inavuja huku na huku, injini nzima imerembwa siliko nyekundu kama keki ya harusi.

Gereji iko maeneo ya Gerezani, Dar es Salaam, jina naliacha. Nilimweleza fundi mkuu inapovuja, hakuinama hata kuangalia. Aliwageukia wenzake, "Mzee kaleta mkweche," kisha akaniambia, "Mzee wangu, hizi siku hizi watu wanaziuza kwa kilo." Wakacheka wote.

Eti na spea zake hakuna. Hakuna vipi? Injini hiyo ya fimbo, yaani valvu zake zinasukumwa na fimbo, ndiyo Wachina waliyoinakili, wakajaza bodaboda nchi nzima. Sili ya shafti ya gia, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke, unaipata hata duka la spea la njia panda.

Sili alibadilisha, sikatai. Ila aliipigilia kwa nyundo, shafti kavu. Shafti ile ina meno pale pedeli inapofungwa. Usipoyafunika kwa nailoni na kupaka grisi kidogo, yanachana mdomo wa sili inapopita, na sili mpya inavuja siku hiyo hiyo. Fundi wa umri wake asijue hilo?

Tena siliko inayoonekana nje si neno, balaa ni ile iliyojiminya kwenda ndani. Nilipomwaga oili nyumbani zikatoka nyuzi nyekundu, nyingine zimenasa kwenye wavu wa chujio. Wavu ukiziba, injini inajisaga kwa kukosa oili huku stiki ya kupimia oili inakuonyesha imejaa.

Nikaiosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikainyunyizia poda ya mtoto, nikazunguka nayo mpaka ikapata moto. Msiamini panapolowa, jamani. Upepo unaipeleka oili nyuma, halafu inatiririka hadi chini kabisa, unabaki kumlaumu asiyehusika. Kwenye poda ndiko utaona inapoanzia. Kwangu ilianzia kwenye sili ya gia, kwenye mfuniko wa juu na ubavuni mwa klachi. Hizo mbili za mwisho sikwenda nazo pale, nilipewa.

Nikarudi nimefura. Bosi, yule yule fundi mkuu, yuko kwenye simu, ananipungia mkono: "Iache hapo, tutaipiga siliko nyingine." Nilitamani kuondoka na nyundo yake.

Sasa ndipo akaja kijana mmoja, mwanafunzi wao, kachafuka hadi masikioni. "Shikamoo mzee, naomba niangalie." Akachuchumaa, akafuata kwa kidole mpira wa kupumulia wa injini, akaukuta umekunjwa na kubanwa walipokuwa wakifunga. "Haipumui hii. Hewa ikikosa pa kutokea, inasukuma oili popote penye upenyo." Akaunyoosha. Akakwangua siliko yote taratibu bila kukwaruza chuma, akakata gasketi ya karatasi, sili mpya akaipitisha juu ya nailoni iliyopakwa grisi. Sikumwelekeza chochote!

Tangu hapo naegesha juu ya kipande cha boksi, na asubuhi boksi ni kavu. Kwa hiyo nilishaamua kuwapa nyota tatu, hata nne, maana kazi imeisha na imeisha vizuri.

Halafu bosi akamaliza simu. Akadai hela ya ufundi upya, kamili, kwa kazi ya kurekebisha alichoharibu yeye. Nilipouliza akasema, "Kwani mara ya kwanza hatukufanya kazi?"

Nyota moja. Na hiyo moja inaniuma. Mkipita, mtafuteni yule kijana, kwa kawaida yuko nyuma anaosha vyuma. Chake mpeni mkononi, bosi asione.