Kufunza marubani wa vita: Uingereza au ng'ambo?
Wapenzi wa historia ya Vita Kuu ya Pili hubishana kila mara: je, ilifaa zaidi kuwafunza marubani Uingereza kwenyewe, au kuwapeleka Kanada na Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo)? Kwa usalama wa hatua za mwanzo, ng'ambo kulishinda: anga ilikuwa pana, taa za viwanja hazikulazimika kuzimwa usiku, wala mwanafunzi wa Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo, hakuhofia ndege za adui. Hata hivyo, Kanada nayo ilizika mamia ya waliokuwa mafunzoni, na si haki kuwasahau. Kwa gharama, safari ya baharini ilikula meli na muda. Uingereza kulifaa zaidi katika kumzoesha rubani mawingu, ukungu na giza la Ulaya, lakini kwa bei ya kutisha, kwa kuwa kikosi chake cha ndege za mabomu kilipoteza watu zaidi ya 8,000 katika mafunzo na ajali nyingine zisizo za mapigano, mara nyingi wakiwa katika ndege zilizochakaa vitani. Anayemfikiria mwanafunzi asiyewahi kurusha ndege atachagua Kanada; anayemfikiria rubani aliyekaribia kwenda vitani atakuwa na sababu nzito za kumrejesha Uingereza, mradi apewe ndege isiyo na hitilafu.