Programu jalizi za kivinjari: kila mtu ajisimamie, au TEHAMA ishike usukani?

Tuseme una ofisi ya kompyuta 20 hapa Area D, Dodoma. Njia ya kwanza ni kumwachia kila mtu kivinjari chake. Haina gharama, na Chrome hujisasisha yenyewe pamoja na programu jalizi zake (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, yaani extensions), kwa hiyo ni rahisi kudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapoogopa. Programu jalizi inaweza kuuzwa kwa mmiliki mpya, naye akapenyeza wizi kupitia sasisho lilelile la kimyakimya. Mhasibu anafungua akaunti ya benki asubuhi, mtu mwingine anasoma kila anachoandika.

Njia ya pili: mtu wa TEHAMA anaweka sera moja kwa mashine zote. Anazuia programu jalizi zote, kisha anaruhusu zile tu alizozikagua. Chrome, Edge na Firefox zote zinakubali utaratibu huu. Watu watalalamika, na maombi yao yakicheleweshwa watahamishia kazi kwenye simu zao binafsi, jambo baya zaidi. Hata hivyo naichagua hii.

Duka la kompyuta mbili pale Majengo linaweza kubaki na ya kwanza, mradi orodha ya programu jalizi ikaguliwe kila mwezi na zisizotumika zifutwe.