TAHADHARI: Mnaokwenda Rameswaram, msinunue "jiwe linaloelea"

Ndugu zangu, hasa mnaopeleka wagonjwa Madurai na Chennai, na Wahindi wa kwetu mnaojiandaa kwenda kuhiji Rameswaram, mji wa hekalu kule kusini mwa India: kuna utapeli pale umetukuta sisi wenyewe mwezi wa Januari. Kilichoniuma si hela tu. Tuliuziwa kitu ambacho tungeweza kukamatwa nacho uwanja wa ndege, na aliyetuuzia alikuwa anajua anachofanya.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho Madurai. Baada ya hapo tukawa na siku kadhaa za kusubiri aonwe tena, na daktari akasema anaweza kutembea, mradi maji na vumbi visiingie jichoni. Tulikuwa na jirani yetu wa Tanga, mama wa Kigujarati ambaye sisi watoto tumekua tukimwita Masi. Alikuja kumuuguza mama, ila alikuwa na nadhiri yake pia. Hekalu la Ramanathaswamy pale Rameswaram ni moja ya sehemu nne kuu za kuhiji kwa Wahindu, na katika hizo nne Masi alikuwa amefika Dwarka tu, maana iko kwao Gujarat. Ana miaka 68. Akasema asipokwenda safari hii hatakwenda tena.

Tukapanda treni asubuhi. Rameswaram iko kisiwani, Pamban, na treni inavuka bahari juu ya daraja jipya lililofunguliwa Aprili 2025, na lile la zamani la mwaka 1914 tulilikuta bado limesimama pembeni yake. Mama alikuwa na miwani myeusi, haoni vizuri, lakini alisikia harufu ya chumvi akasema, "Tumefika kwetu."

Matatizo yalianzia stesheni. Wapiga debe wako wengi, kama ilivyo stendi yoyote ya kwetu, na tulikuwa tunawapita tu. Mmoja akamsalimia Masi kwa Kigujarati. Jamani, wiki tatu Masi alikuwa hajamsikia mtu wa nje anayezungumza lugha ya mama yake! Kule Tamil Nadu, jimbo lenye Madurai na Rameswaram, watu wanazungumza Kitamil. Hata Kihindi chenyewe hakikufikishi mbali. Ukiona mtu anakufuata na lugha ya kwenu katika mji usio wa kwenu, ujue ameisomea kazi. Mahujaji kutoka Gujarat ni wengi sana pale, kwa hiyo hiyo lugha ndiyo mtaji wake. Na msifikiri ukienda na Mhindi wa kwetu umepona. Aliyepigwa kuliko wote ni yeye.

Yule bwana akamwambia Masi kwamba dirisha la tiketi limefungwa mpaka jioni, kwa hiyo atampitisha kwa njia ya wakubwa, visima vyote 22 vya hekaluni ambavyo mahujaji humwagiwa maji yake, kwa rupia 2,500. Akatugeukia mimi na mama, akasema ingawa sisi si Wahindu, kwa 1,500 kila mmoja atatuingiza mpaka ndani kabisa. Mama akakataa palepale. Alisema mwenye nyumba akikuambia usiingie chumba fulani, huendi kumhonga mtoto wake akufungulie. Na kweli, tulipofika, tuliona kwamba asiye Mhindu haruhusiwi kufika chumba cha ndani. Anaruhusiwa kutembea kwenye kumbi za nje, na zinatosha: nguzo zaidi ya elfu moja zimepangwa mistari mirefu hadi macho yanachoka. Simu hairuhusiwi kuingia, unaiacha nje.

Masi akalipa zile 2,500. Taratibu ni hivi: kwanza unaoga baharini, mashariki ya hekalu, panapoitwa Agni Theertham, halafu unaingia na nguo zilezile mbichi na kuzunguka visima kimoja kimoja. Kwenye ukingo wa kila kisima amesimama kijana, anatumbukiza ndoo kwa kamba, anaivuta, anakumwagia kichwani. Baada ya hapo unabadilisha nguo ndipo unakwenda kuabudu. Nilimwona Masi kwa mbali, sari imemganda mwilini, anacheka kama mtoto. Alisema maji ya kila kisima yana ladha yake, na mengine ni matamu ingawa bahari iko hatua chache tu. Furaha ile siwezi kuidharau, na hakuna aliyemdhulumu kuhusu maji yale. Dhuluma ilikuwa kwenye bei. Nilipozunguka nikakuta dirisha la tiketi liko wazi, watu wamepanga foleni, na bei imeandikwa ukutani: rupia 25. Ishirini na tano! Alichotufanyia yule bwana ni kusimama kwenye foleni ambayo Masi angesimama mwenyewe kwa dakika kumi.

Nilitaka kugombana naye. Masi akanishika mkono, akasema siku ya nadhiri hagombani mtu. Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipokosea, maana tulimwacha aendelee kutuongoza.

Alasiri akatutafutia bajaji kwenda Dhanushkodi, kwenye ncha ya kisiwa. Pale palikuwa na mji, ukasombwa na kimbunga cha Desemba 1964, pamoja na treni iliyokuwa inaingia na abiria wake. Magofu ya kanisa bado yamesimama kwenye mchanga. Mahali pa kwenda hapo, mwende. Lakini bajaji yetu ilisimama njiani bila kuulizwa, mbele ya duka la vitu vya baharini, na yule bwana akashuka kabla yetu.

Mlangoni pa duka kulikuwa na beseni la bluu limejaa maji, na ndani yake jiwe la kijivu, ukubwa wa mkate wa boflo, linaelea. Juu limeandikwa jina la Rama, mungu wa Wahindu, kwa rangi nyekundu. Muuzaji akalizamisha kwa kidole, likaibuka. Akamwambia Masi alizamishe mwenyewe, likaibuka tena. Wahindu wanaamini Rama alijengewa daraja la mawe kutoka pale kwenda Lanka, na mawe yalielea kwa sababu yaliandikwa jina lake. Imani yao naiheshimu, na Masi machozi yalimlengalenga. Muuzaji akaingia ndani, akatoka na jiwe lililofungwa kitambaa chekundu. Rupia 4,500, zaidi ya laki moja ya kwetu. Hakutaka kadi, alitaka taslimu tu.

Mama akaomba alishike. Alilipapasa kwa vidole, akapitisha kucha kwenye matundu yake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hili ni tumbawe. Nyumba ya babu yako yote imejengwa kwa haya." Nikamwambia, mama, si umesikia linaelea? Yeye hakuona beseni vizuri, na sisi wenye macho tukamwona hajui. Masi akalipa.

Usiku kwenye nyumba ya wageni Masi akajaza ndoo maji, akafungua kitambaa, akaliweka jiwe taratibu kwa mikono miwili. Likazama mara moja, likagonga chini, tukasikia kabisa. Alilitoa akaliweka tena mara tatu. Sitaki kuwaeleza sura yake ilivyokuwa.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyetufumbua macho asubuhi. Alipoliona mezani akafunga mlango kwanza. Jiwe la kwenye beseni, alisema, ni jepesi la asili ya volkano, lina vijitundu vilivyojaa hewa, jamii moja na lile tunalosugulia visigino nyumbani. Linaloelea ni la kuonyeshea. Unalofungiwa kwenye kitambaa ni jingine. Na hilo jingine ni tumbawe, na matumbawe yanalindwa na sheria ya wanyamapori ya India ya mwaka 1972, katika daraja moja na chui milia. Liwe hai au limekauka, kulinunua, kulibeba au kulitoa nchini bila kibali ni kosa. Bahari ile ya Ghuba ya Mannar ina hifadhi ya taifa ya visiwa 21 tangu 1986, na matumbawe yake yalikuwa yamechimbwa miaka mingi kwa ajili ya chokaa. Sisi wa Pwani tunajua matanuri ya chokaa yalivyokula miamba yetu, kwa hiyo hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Hebu fikirini: bibi wa miaka 68 na mgonjwa mwenye bandeji jichoni wanasimamishwa Chennai kwenye mashine ya mizigo, na ndege ya kurudi Dar inawasubiri. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tulirudi dukani. Risiti yetu ilikuwa imeandikwa "vitu vya kumbukumbu" tu, jiwe halitajwi. Muuzaji mwingine alikuwepo, akasema yule wa jana hamjui. Namba ya simu ya yule mwongozaji haikupatikana tena.

Na makombe ya kupuliza nayo, shankh, muwe macho. Duka lilelile lilikuwa na lile linalojipinda upande wa kulia, valampuri, kwa rupia 12,000, wanasema linaleta baraka nyumbani. La kweli ni adimu kupita kiasi. Yanayouzwa kwa wingi ni ya konokono mwingine wa baharini kutoka pwani za Amerika, ambaye kwa maumbile yake hujipinda upande huo siku zote. Tia kidole mdomoni mwa kombe: shankh ya kweli ina mikunjo mitatu au minne kwenye nguzo ya ndani, hiyo nyingine ni laini. Sisi tuliokolewa na kuishiwa pesa.

Mkienda, tiketi za hekalu kateni wenyewe dirishani. Bei ya bajaji pataneni kabla ya kupanda, na mwambieni dereva waziwazi hamtaki kusimama dukani, kwa sababu anapewa chake kwa kila mteja anayemfikisha. Kuona mawe yanayoelea hakuna gharama, yapo kwenye birika katika mahekalu madogo ya mjini. Mkipata tatizo, namba ya msaada kwa watalii India nzima ni 1363, na polisi ni 112. Kama mtu amekwisha kununua jiwe la namna hii, asilitie kwenye begi la ndege kwa hali yoyote.

Mpiga debe akikuambia dirisha la tiketi limefungwa, usibishane naye. Tembea mwenyewe hadi pale ukalione.