Kamera za Msafara wa Pikipiki: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Isubiri

Wengi wanaojiandaa kwa msafara wa pikipiki hukimbilia kamera ndogo ya kubandika kwenye helmeti. Wanarudi na saa nyingi za video zinazoonyesha lami na mgongo wa mwenzao aliyetangulia, huku picha za kuchapisha zikiwa za kuhesabu kwa vidole. Kamera haina kosa, ila imenunuliwa kwa kazi isiyo yake. Picha za kundi hupatikana sehemu tatu: kituoni injini zikiwa zimezimwa, kando ya barabara msafara ukipita, na kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki inayokwenda sambamba na wengine. Orodha hii imepangwa kwa kuangalia kila kifaa kinafanya nini katika sehemu hizo tatu.

1. Kompakti yenye sensa ya inchi moja na zumu ndefu

Kompakti ni kamera ndogo ya mfukoni, na sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kwa mtu anayeendesha mwenyewe, hii ndiyo ya kwanza. Mifano ya kuanzia ni Sony RX100 VII, yenye lenzi ya milimita 24 hadi 200 na uzito wa gramu 302, na Panasonic TZ200, yenye lenzi ya 24 hadi 360 na uzito wa gramu 340. Namba ndogo ya milimita huona pana, namba kubwa huvuta karibu. Milimita 24 zinatosha kuingiza pikipiki zote kituoni pamoja na mlima ulio nyuma yake. Lakini sababu hasa ya kuichagua ni upande wa pili wa zumu. Ukisimama mbele ya kona na kuvuta hadi 150 au 200, pikipiki zilizoachana mita 20 zinaonekana zimebanana, taa kwa taa. Ndiyo picha ambayo kila mwanakundi ataiomba, na kamera ya helmeti haiwezi kuipiga kabisa.

Jambo la pili ni mkono. Unavua glavu ya kulia, unafungua kipochi cha kiunoni, unawasha, unapiga. Kifaa kikikudai zaidi ya hapo, kwa mfano kufungua sanduku la nyuma na kutoa koti la mvua kwanza, utajiambia utapiga kituo kinachofuata, na hutapiga.

Ugonjwa wa kompakti ni vumbi. Lenzi inayochomoza na kurudi ndani huvuta hewa kama pampu, na punje ikishakaa juu ya sensa huwezi kuifikia, kwa kuwa lenzi haitoki. Fundi lazima aifungue kamera. Kwa hiyo iweke ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, mfuko huo ndani ya kipochi, na usiiwashe mpaka vumbi la lori lililopita litulie. Usizime na kuwasha kila dakika ukiwa barabara ya changarawe. Ricoh GR III inapendwa kwa sensa yake kubwa na udogo wake, lakini ina milimita 28 peke yake na haizumu. Kwa picha za watu kituoni ni tamu. Kwa msafara kwenye kona haikufai.

2. Kamera ya kubadilisha lenzi, ila ununue lenzi moja

Kama kundi lina abiria wa nyuma ambaye kazi yake ni kupiga picha tu, hii inapanda na kuwa namba moja. Tafuta bodi na lenzi ambazo zote mbili zimezibwa dhidi ya maji na vumbi. Bodi iliyozibwa ikifungwa lenzi isiyozibwa itaingiza maji pale zinapoungana, na hapo ulicholipia zaidi hakikusaidii. Mfano mzuri ni OM-1, yenye kiwango cha kinga cha IP53, ikiwa na lenzi ya 12-100 f/4 inayotoa upeo sawa na ule wa 24 hadi 200 wa RX100. (Namba ya f ni kipimo cha tundu la kuingiza mwanga: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo.) Vyote pamoja ni takriban kilo 1.2. Kwenye kamera za sensa ya APS-C, yaani ya ukubwa wa kati, lenzi ya 18-135 inakupa karibu 27 hadi 200, na inatosha safari nzima. Lenzi ya pili ibadilishwe jioni chumbani, kamwe si kando ya barabara.

Usishawishike na sensa kubwa ya fulu fremu na lenzi ya 70-200 f/2.8. Ni zana bora, lakini lenzi peke yake kwa kawaida inazidi kilo moja, na siku ya pili itakuwa imeshazikwa chini ya mizigo. Sanduku la nyuma, kwa jinsi lilivyoning'inia nyuma ya ekseli, ndipo mahali panapotikisika kuliko pote kwenye pikipiki. Kamera ikae kwenye mkoba wa juu ya tangi, ukiwa umetandikwa sponji ya angalau sentimita mbili. Begi la mgongoni lisibebe kitu kigumu kinachogusa uti wa mgongo, maana ukianguka ndicho utakachokilalia.

Kasi ya shata, kabla hujalaumu kamera

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anafungua shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye sensa, kwa 1/1000 ya sekunde tu, spoki zinaganda, na pikipiki iliyokuwa kasi ya 80 inaonekana imeegeshwa. Anaamua kamera ni mbovu.

Ukiwa kando ya barabara na msafara unapita kwa kilomita 60 kwa saa, weka 1/125 na uizungushe kamera kuwafuata. Anza kumfuata dereva mapema, bonyeza anapofika usawa wako, na usisimamishe mkono baada ya kubonyeza. Ukishazoea, shuka hadi 1/60. Picha nyingi zitaharibika, lakini chache zitakazobaki zitakuwa na usuli uliofutika wote na helmeti iliyo kali. Kwa wanaokuja wakikuelekea, rudi 1/500. Abiria wa nyuma anayepiga pikipiki ya pembeni aanze na 1/250, kisha ashuke kidogo kidogo hadi pale kituliza mtikisiko cha kamera yake kinapoanza kushindwa.

Adhuhuri kuna kikwazo. Jua likiwa kali, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya 100 na f/16 hudai takriban 1/100. RX100 VII inaishia f/11 na TZ200 inaishia f/8, hivyo 1/60 itaunguza picha. Dawa ni filta ya ND8, inayopunguza mwanga mara nane. Inunue pamoja na kamera. Ni ndogo na ndiyo inayofungua aina hii yote ya picha.

Kuhusu kuwatangulia wenzako: msafara wa kilomita 70 kwa saa unakula karibu kilomita 1.2 kila dakika. Usilipite kundi kwa kasi ili upate nafasi. Ondoka kituoni dakika saba kabla yao, egesha nje kabisa ya barabara, na usimame upande wa ndani wa kona, kwa sababu anayeshindwa kona hutoka kwa upande wa nje. Anayefunga msafara ajue mapema kwamba utabaki nyuma, ili asisimame kukusubiri nawe usiwakimbize.

3. Kamera ya digrii 360

Kwa anayetaka video, hii naiweka juu ya kamera ya helmeti. Insta360 X4, kwa mfano, inarekodi pande zote kwa 8K, na unachagua baadaye iangalie mbele, nyuma au uso wako. Ukiifunga kwenye fimbo iliyokazwa kwenye keria au kwenye chuma cha kulinda injini, programu yake inaifuta fimbo, na video inaonekana kana kwamba kuna mtu anaruka pembeni yako.

Usiinunue kwa ajili ya picha za kuchapisha. Video hiyo ina pikseli 7,680 kuzunguka duara zima. Ukikata kipande cha digrii 90 unabaki na pikseli 1,920 kwa upana. Kwenye skrini ya simu inapendeza, ukutani haipendezi. Lenzi zake zimebinuka nje, na kokoto moja iliyorushwa na tairi la mbele inatosha kuzichubua, kwa hiyo nunua na vifuniko vya kinga. Toleo lililofuata, X5, limeruhusu mtumiaji kubadilisha lenzi mwenyewe, na kwa barabara za kokoto tofauti hiyo ni ya maana.

4. Kamera ya helmeti

GoPro na DJI Osmo Action ni imara na hazihitaji kasha ili zistahimili mvua: GoPro za miaka ya karibuni huingia maji hadi mita 10, Osmo Action 4 hadi mita 18. Ifunge kidevuni, usiifunge utosini. Kidevuni inaona mikono, saa za dashibodi na barabara, na upepo hauvuti shingo. Angalia sheria za unakopita, maana kuna nchi zinazokataza kubandika kitu kwenye helmeti.

Gundi huachia kwa sababu mbili, mafuta na haraka. Futa mahali pake kwa spiriti, acha pakauke, bandika, kandamiza, halafu acha saa 24 kabla ya kuendesha. Hata hivyo funga kamba ya akiba. Ukisimama, zima kamera: bila upepo inapata joto na kujizima yenyewe. Sauti ya kipaza cha ndani barabarani ni ngurumo tupu. Ingiza maiki ya waya ndani ya helmeti, karibu na shavu.

Zinazosubiri

Olympus TG-6 na mrithi wake TG-7 zinaingia maji hadi mita 15 na zinavumilia kuanguka. Zinafaa safari ya matope na mvua mfululizo, lakini sensa ni ndogo na zumu inaishia milimita 100. Droni ni ya mwisho. Inahitaji mtu wa kuirusha, vibali hutofautiana kila mpaka, na kundi linachoka kusubiri.

Simu unayo tayari, itumie kituoni. Ila usiifunge kwenye usukani. Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kituliza mtikisiko na ufokasi wa kamera ya iPhone, na simu yoyote yenye vipuri vya namna hiyo iko hatarini vilevile. Kama huna budi kuitumia kwa ramani, weka kishikizo chenye mpira wa kupunguza mtikisiko.

Kadi, umeme na saa

Video ya megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa, hivyo kadi ya 128 haifiki saa tatu. Chukua kadi zenye alama ya V30, yaani zenye kasi ya kutosha kurekodi video, mbili au tatu za kiasi badala ya moja kubwa, na uzijaribu kabla ya safari kwa programu za kupima kadi kama H2testw au F3, kwa kuwa kadi bandia hujitangaza 256 ilhali ndani ni 32.

Pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban saa-wati (Wh) 37 za umeme. Ukitoa zinazopotea njiani, inajaza betri ya RX100 kama mara tano. Soketi ya USB kwenye pikipiki iungwe na fyuzi na ifuate swichi ya ufunguo, la sivyo betri ya pikipiki itaisha usiku na asubuhi mtasukuma.

Kabla ya kuondoka, kila mwenye kamera apige picha ya saa ya simu moja ileile. Mkikusanya picha za watu sita, hiyo ndiyo itakayorekebisha tofauti za saa za kamera na kuzipanga picha kwa mfuatano.

Ukinunua iliyotumika

Weka namba ya f ya juu kabisa, piga ukuta mweupe, kisha ukuze picha: madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi la sensa. Chomoza na urudishe lenzi mara kumi ukisikiliza. Mkwaruzo ni mchanga kwenye gia. Toa betri na uilaze mezani, ikizunguka imevimba. Kwa kamera ya helmeti, fungua kifuniko cha betri na uangalie mpira wake wa kuzuia maji. Ukiwa umepasuka au haupo, bei ishuke au uondoke.