Kisu cha kwanza cha mkusanyaji mwenye mfuko mwembamba: uzoefu wangu wa Kampala

Nilipoanza kukusanya visu visivyokunjwa, mwaka juzi, nilikuwa na shilingi 150,000 nilizozitenga kwa kazi hiyo na ujuzi usiozidi ule wa jikoni, na kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kwa macho. Nilikiona mtandaoni kisu kilichosemekana kuwa cha Damasko: bapa lake limejaa mawimbi kama ziwa linapopigwa na upepo wa jioni, mpini wa pembe wenye pete ya shaba, na ala ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Nililipa shilingi 120,000 bila kuuliza ni chuma gani, na muuzaji naye hakujisumbua kunieleza. Kwa miezi miwili kilikaa juu ya kabati la sebuleni, na hakuna mgeni aliyeondoka kwangu bila kuonyeshwa.

Mpini ulipoanza kucheza nilikipeleka Katwe, kwa mhunzi mmoja mzee ambaye nilielekezwa na jirani. Nilidhani ataanza kwa kuyasifu mawimbi, lakini alikigeuza na kutazama mgongo wake kwanza. Mgongo ulikuwa mweupe mtupu. Akachukua kipande cha msasa laini, akasugua sehemu ya bapa iliyolingana na kucha ya kidole gumba, na mawimbi yakafutika pale pale. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kutoa pesa: kisu cha Damasko cha kweli hufuliwa kwa tabaka za vyuma viwili tofauti, kwa hiyo nakshi yake hupita mpaka upande wa pili na lazima ionekane mgongoni pia, na hata ikififishwa kwa msasa hurudi kisu kikitiwa tena asidi, ambayo ndiyo huidhihirisha. Yangu ilikuwa imechorwa juu juu tu.

Mzee hakuishia hapo. Alitenganisha mpini, na ndani yake mkatoka kijiti cha chuma chembamba kama msumari wa inchi nne, kilichoshikizwa kwenye bapa kwa kulehemu. "Mwanangu, hapa wameunga," alisema, akaniwekea kidole changu juu ya tone la kulehemu ili nilisikie mwenyewe. Kisu kizima, yaani bapa na ule mkia unaoingia ndani ya mpini, hutakiwa kuwa kipande kimoja cha chuma. Kikiungwa mahali pale, ndipo kitakapokatikia. Tangu siku hiyo sinunui kisu chenye mpini mnene uliofungwa pande zote bila muuzaji kunieleza mkia wake unafika wapi, na vile visu vya sinema vyenye mpini ulio na uwazi ndani na dira kwenye kifuniko sivitazami hata kwa bei ya karanga.

Kisu changu cha pili ndicho ninachompendekezea kila anayeanza, ingawa hakina uzuri wowote wa kuweka kabatini. Ni Companion ya kampuni ya Morakniv ya Uswidi, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1891 katika kijiji cha Östnor, karibu na mji wa Mora. Binamu yangu anayefanya kazi huko alinijia nacho alipokuja likizo, akiwa amekitia katika mzigo wa kupakiwa, kwa maana kisu hakiruhusiwi katika mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Nilimrudishia takriban shilingi 80,000. Bapa lina urefu wa sentimita 10 na ushei, mpini ni wa plastiki iliyofunikwa kwa kitu laini kama mpira, na ala nayo ni ya plastiki, yenye tundu chini la kutolea maji. Mkia haufiki mwisho wa mpini, jambo ambalo wapenzi wa visu vizito hulalamikia, lakini bapa na mkia ni chuma kimoja, na kwa kazi za mkono hilo linatosha kabisa.

Sababu kubwa ya kukipenda ni namna makali yake yalivyotengenezwa. Visu vingi vina miteremko miwili, mmoja mrefu wa ubavu na mwingine mdogo sana pale kwenye makali, na anayejifunza kunoa hubaki akikisia pembe hadi anaharibu kisu. Hiki kina mteremko mmoja tu, mpana, unaoonekana wazi. Unaulaza juu ya kinoo mpaka uguse wote, kisha unasukuma, na pembe inajishika yenyewe. Mimi ambaye sikuwahi kunoa kitu zaidi ya panga kwa tupa, nilifika mahali pa kukata gazeti bila kulirarua baada ya jioni ya tatu.

Companion huuzwa ya chuma kisichoshika kutu na ya chuma cha kaboni. Nilichagua kaboni kwa sababu niliambiwa hunoleka upesi zaidi, na hilo ni kweli, lakini sikufikiria ninaishi wapi. Katika shughuli ya dada yangu nilijitolea kumenya matoke pamoja na kina mama, nikitaka kujionyesha, na kabla ya kumaliza nusu ya mkungu bapa lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, kwa sababu utomvu wa ndizi una tanini, na tanini ikikutana na chuma huacha weusi. Shangazi alicheka mpaka akaweka chini kisu chake, kisha akanipa nusu ya limau na majivu ya jikoni nisugulie. Rangi ilipungua, nami niliyaacha makusudi mabaki yake ya kijivu, kwani ngozi hiyo nyembamba hupunguza kasi ya kutu.

Huipunguza, haiizuii. Msimu wa mvua wa Machi nilikirudisha kisu katika ala kikiwa na unyevu, nikakisahau kwa wiki mbili, na nilipokitoa kilikuwa na madoa matatu ya kutu karibu na mpini, kila moja kama mbegu ya ufuta. Uzembe ulikuwa wangu. Siku hizi nakifuta, nakipaka mafuta ya cherehani, na kukihifadhi nje ya ala. Anayehifadhi kisu katika ala ya ngozi awe mwangalifu zaidi, maana ngozi hunywa unyevu wa hewa na kukaa nao. Kama ningekuwa naanza leo, hapa Kampala, ningechukua ile isiyoshika kutu na kuacha kaboni kwa baadaye, nikishakuwa na mazoea ya kufuta.

Kisu cha tatu nilikiagiza kwa yule yule mzee wa Katwe, kwa shilingi 60,000, na bila aibu nasema kwamba ndicho ninachokipenda kuliko vyote ingawa kina kasoro nyingi kuliko Companion. Chuma chake ni springi ya lori, ambayo ni chuma kizuri kwa visu kwa sababu kimekusudiwa kupinda na kurudi bila kuvunjika. Aliniahidi siku nne. Nilisubiri majuma mawili, lakini siku ya kukitia ugumu aliniita nione. Alikipasha moto katika mkaa mpaka sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha katika mafuta machafu ya injini, moshi ukatufukuza sote, kisha akapitisha tupa juu ya makali. Tupa iliteleza kama juu ya kioo. Akakirudisha kwenye moto mdogo, taratibu, mpaka sehemu aliyoing'arisha ikashika rangi ya nyasi kavu, akaeleza kwamba bila hatua hiyo kisu kingebaki kigumu lakini kingevunjika kikianguka sakafuni.

Mpini wake ni wa mvule, umeshikwa kwa ribiti tatu, na mkia unaonekana pande zote hadi mwisho. Unene wa milimita tano, hata hivyo, ni mwingi mno: kisu hiki hupasua muhogo badala ya kuukata, na ukitazama kwa kufumba jicho moja utaona ncha imeegemea kushoto kidogo. Ala ilinigharimu shilingi 25,000 nyingine kwa fundi wa viatu. Pamoja na hayo, ninajua kilikotoka chuma chake na aliyekifua, na hilo kwa mkusanyaji lina thamani ambayo kile cha mawimbi hakikuwa nayo hata siku moja.

Nimeshaagiza kingine kwake, chembamba zaidi, cha milimita tatu, chenye mpini wa pembe ya ng'ombe wa Ankole. Pembe nimeinunua mwenyewe, lakini mzee ameinusa na kuikataa: anasema bado haijakauka, na kwamba akiifunga sasa itasinyaa na kuziacha ribiti zikichomoza kiganjani. Kwa hiyo ipo barazani kwangu, inakauka kivulini, na watoto wamekatazwa kuigusa.