ADE-1 kwenye transmita yangu ya HF, miezi 3 baadaye

Wadau mnaojijengea redio za SSB (zinazorusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi), hii miksa ndogo ya Mini-Circuits, yaani kifaa cha kuchanganya masafa mawili upate jumla na tofauti yake, nimekaa nayo miezi 3 hapa Jinja na naipa nyota 4 kati ya 5, nitawaambia hiyo moja imeenda wapi.

Niliichukua duka moja la spea Kampala kwa shilingi 40,000 za Uganda, ni kidude kidogo cha miguu 6, ndani kuna dayodi 4 na transfoma 2 basi, haiombi hata umeme wa kuiwasha. Inafanya kazi toka megahezi 0.5 mpaka 500 kwa hiyo HF yote (megahezi 3 hadi 30) imo. Mimi filta yangu ni ya megahezi 9, osileta (saketi inayozalisha wimbi la kuchanganyia) naiweka 16.1, tofauti yake inatoka 7.1 na hapo hapo USB (upande wa juu) inageuka LSB (upande wa chini), ndiyo tunayoitaka kwenye bendi ya mita 40. Ile jumla ya 25.1 nayo inatoka kwa nguvu ile ile, sasa usithubutu kuunga amplifaya bila filta kabla yake.

Wiki ya kwanza nilichoka jamani. Mzee mmoja rafiki yangu wa Mombasa akaniambia hewani, "mwanangu mbona umetapakaa hivyo, niko kilohezi 5 pembeni na bado unanikwaruza." Nikazima nikaenda kupima. Kumbe makosa yalikuwa 2 na yote yangu. Kwanza ile SSB ya megahezi 9 nilikuwa naiingiza kubwa mno, karibu 0 dBm (dBm ni desibeli ukilinganisha na miliwati 1), na hii miksa inaanza kubanwa kwenye +1 tu. Sasa siivushi -10 dBm, maana ukipunguza desibeli 1 ule uchafu wa daraja la tatu (masafa ya ziada yanayozaliwa ndani ya miksa na kutapakaa pembeni) unashuka 3, yaani pengo linaongezeka 2 bure kabisa. Pili osileta ilikuwa dhaifu. Hizi dayodi zinataka +7 dBm, ni miliwati 5, weka resista ya omu 50 mahali pa miksa halafu usome kwenye skopu, ikiwa ni wimbi laini upate volti 1.4 kutoka juu hadi chini, mimi nilikuwa na 0.6!

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni resista 3 za senti tu. Filta inayofuata miksa huwa inarudisha masafa isiyoyataka, yanarudi kwenye dayodi yanachanganyika tena, sasa nikaweka kipunguza nguvu cha dB 6 katikati, omu 150 kwenda graundi, 39 katikati, 150 kwenda graundi, na miksa ikawa inaona omu 50 muda wote. Jioni ile ile mzee akasogea tena kilohezi 5 akasema kimya, hasikii kitu.

Nyota iliyopungua ni kwamba inakula kama dB 5 na wewe ushakula 6 za resista, lazima uongeze amplifaya safi ya hatua moja. Chipu ya miksa ya 612 (SA612 au NE612) ingekuongezea nguvu badala ya kula na inaridhika na osileta ndogo, kwa risiva ya betri bado naipenda, lakini kwa kurusha inalemewa mapema sana. Na miguu ya ADE-1 imebanana, kama mkono unatetemeka tafuta kijana wa kutengeneza simu akuchomee.

Nimeagiza nyingine 2, moja inaenda kwenye modyuleta (sehemu inayopandisha sauti kwenye wimbi) ya megahezi 9.