Sanduku la chuma la kufungia bunduki, kwa fundi wa komini (kata) ya Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo

Nimekaa na sanduku hili miezi minane. Msimu mzima wa mvua umelipitia, kwa hiyo naweza kulisemea.

Kwanza nieleze kwa nini nililitafuta. Mwezi wa nane mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Kasenga, mimi, shemeji yangu, mpwa wangu wa miaka tisa na mbwa wetu Bobi. Bunduki yangu ni kalibri 12 ya mitutu miwili, aina inayorusha chembe nyingi kwa mpigo, niliyoachiwa na marehemu baba. Niliilaza kwenye kiti cha nyuma pembeni ya mtoto, nikaifunika kwa koti. Masasi mawili, yaani risasi, yalikuwa bado ndani. Nilijua yamo. Nilijiambia nitayatoa tukisimama.

Tukasimama kununua makala, yaani makaa ya kupikia. Shemeji akashuka, mtoto akamfuata na kufunga mlango. Bobi, aliyekuwa amelala chini, akaruka juu ya kiti ili awafuate, na mguu wake ukaingia pale kidole kinapovutia. Mlio wa bunduki ndani ya gari iliyofungwa, sijui niufananishe na nini. Masikio yangu yalipiga filimbi hadi kesho yake.

Watu hufikiri kalibri 12 hutawanya chembe zake papo hapo. Kwa umbali wa nusu mita hazijapata nafasi ya kutawanyika, zinatoka kama kitu kimoja. Tundu la mlangoni linaingia kidole gumba changu, na kando zake zimepinduka nje kama kopo lililotobolewa kwa msumari. Liko sawasawa na kifua cha mtoto aliyeketi. Sijalifunga, na sitaki fundi wa magari aliguse.

Bobi hakupata jeraha. Alijificha chini ya kitanda siku mbili, hata bukari (ugali) na mifupa hakugusa, na mpaka leo hapandi gari.

Karatasi zangu zote zilikuwa sawa. Sheria ya silaha ya kwetu ni ile namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji una yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Ninazo ruhusa, ninazilipia, na siku ile hazikunisaidia kitu. Usiku sikupata usingizi, nikaanza kusoma habari za wengine. Mwezi wa kwanza 2023 kule Kansas, Marekani, mbwa alikanyaga bunduki iliyokuwa kiti cha nyuma, risasi ikampiga mgongoni mtu aliyeketi mbele, akafa. Mwaka 2015 huko Indiana mwindaji mwanamke aliweka kalibri 12 yake chini ili ajipange vizuri, mbwa wake akaikanyaga, ikampiga mguu. Na 2018, Fort Dodge katika jimbo la Iowa, mtu alikuwa anacheza na mbwa wake kwenye kiti cha sebuleni, bastola iko kiunoni. Mbwa akaondoa kile kizuizi cha usalama, kisha akakanyaga kifyatulio. Hiyo ya tatu ilinishtua zaidi, maana mimi nilikuwa nakiamini kizuizi. Kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili kinashika kifyatulio peke yake. Nyundo za ndani hakizigusi, na bunduki ikianguka vibaya zinaweza kupiga.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mzee, katika komini ya Kenya. Aliniuliza sanduku ni la kuwekea nini. Nikamweleza yote. Akazima mashine yake ya kusagia, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Mwanangu, basi ufunguo usikae nyumba moja na mazoea.» Tangu hapo funguo ziko shingoni mwa mama watoto, siyo kwangu.

Sanduku ni tole (bati nene la chuma) ya milimita 2, urefu sentimita 125, upana 30, kina 25. Lina uzito wa karibu kilo 25 likiwa tupu. Nilitoa dola 110, na dola 15 nyingine kwa kisanduku kidogo cha masasi alichokitoa kwenye vipande vilivyobaki. Kisanduku hicho kina kufuli yake na kiko chumba kingine. Kama una pesa ya kimoja tu kwa sasa, anza na cha masasi. Bunduki tupu, mbwa ataikanyaga mwaka mzima bila kitu.

Kazi ya kuchomelea ni safi, mshono umejaa bila matundu, na mfuniko hautikisiki. Tumelifunga ukutani kwa bolti nne zinazoingilia kwa ndani. Lakini mara ya kwanza alikuwa ameweka bawaba nje, na mtu mwenye patasi angezikata kwa dakika tano. Nilimwonyesha, akazirudia ndani bila kuongeza bei na bila kununa. Kando za mfuniko hakuzisaga vya kutosha, zikanikata kidole, nikamalizia mwenyewe kwa msasa. Na alichelewa: aliahidi Jumanne, nikalipata Jumatatu iliyofuata, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika mtaani kwake karibu kila mchana.

Jambo la kuangalia sana ni unyevu. Mwezi wa kumi na mbili nilifungua nikakuta mtutu una madoa ya kutu. Kosa lilikuwa langu, nilitandika sponji ndani, na sponji inanywa maji ya hewa na kuyashika pale pale kwenye chuma. Nimeitoa, nikaweka vitambaa vya pamba vilivyopakwa mafuta, na fundi akatoboa matundu sita madogo chini. Tangu hapo kutu haijarudi.

Garini sanduku haliingii, na hata lingeingia, siwezi kulibeba mpaka porini. Sasa kabla ya kufungua mlango wa gari navunja bunduki, yaani naikunja katikati ifunguke, natoa masasi, natia kidole kwenye mitutu yote miwili, kisha mpwa wangu naye anachungulia. Halafu naitenganisha vipande vitatu, kila kimoja na kitambaa chake. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga viatu.

Ukienda kwa mzee usibebe bunduki yako ukapita nayo mtaani. Pima kwa kamba nyumbani, piga fundo mwanzo na mwisho, ongeza kiganja kimoja, mpelekee hiyo kamba. Yeye ataipima kwa futi yake na kuandika vipimo ukutani kwa chaki. Vyangu nadhani bado viko pale, chini ya vya mageti.